Kamba Chini ya Pazia la Viroba

Miaka kumi na mmoja Atupakisye alikaa katika mji wa mkwe wake, na hakuwahi kuuona uso wake. Watu wa mikoa mingine, walimu na wauguzi wanaopangiwa kazi Tukuyu, wakiambiwa hivyo hucheka, hudhani ni chumvi. Si chumvi. Kwa Wanyakyusa wa kale, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Mwanamke akisikia hatua za mkwe wake huiacha njia, huingia migombani, hugeuza mgongo mpaka mzee apite. Jina lake halitamki. Makanisa yamehubiri sana juu ya jambo hilo, na watoto wa mjini wameliacha, lakini Atupakisye alizaliwa Masoko kwa mama wa kizamani, akafundishwa kwamba kumtazama mkwe usoni ni sawa na kuvua nguo sokoni.

Basi alimjua mkwe wake kwa vitu vingine. Alimjua kwa kikohozi, na kwa nyimbo za kanisani alizoziimba puani akiwa kazini. Alimjua kwa harufu ya mpira. Alimjua kwa nyayo, maana udongo wa huko hauishi kulowa, na kila alipopita mzee zilibaki alama za tairi, fupi fupi, kama lori lililojifunza kutembea kwa miguu miwili.

Mzee huyo aliitwa Ambilikile. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa matairi katika gereji ya shamba la chai, enzi shamba lilipokuwa la shirika. Shamba likauzwa. Mwenye shamba mpya akaja na mafundi wake na magari yake, wazee wakapunguzwa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu ruksa, na kurudishwa nyumbani nako ruksa. Ambilikile akarudi na ujuzi wake, pamoja na matairi mabovu ya matrekta ambayo bwana mpya hakutaka kuyaona uwanjani, kwa kuwa yalifuga mbu. "Chukua yote, mzee," aliambiwa, "utakuwa umetusaidia." Akayaviringisha moja moja mpaka kwake, mlima baada ya mlima, muda wa mwezi mzima.

Nyuma ya nyumba akajenga kibanda. Tairi la trekta halikatwi kama la gari dogo. Ni nene, ndani lina nyuzi tabaka juu ya tabaka, na ukingoni limefumwa waya. Kazi yake ni ya watu wawili. Mmoja anapitisha kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari, akikilowesha maji kila mara ili mpira usikishike. Mwingine ameshika kamba yenye ndoana, anavuta ili mpasuo ufumbuke. Asipovuta, mpira hukibana kisu kama mbwa aliyeng'ang'ania mfupa. Mvutaji wa Ambilikile alikuwa mkewe, Marietha. Wawili hao walitengeneza makatambuga, yaani viatu vya mpira wa tairi, bawaba za milango, ndoo za kuchotea maji, na mipira mirefu ya kufungia mizigo.

Viatu vya mitumba vilipomwagwa sokoni juu ya maturubai, makatambuga yakalala. "Kosa lako mzee, vitu vyako vinadumu mno," mteja mmoja alimtania. "Haya niliyovaa nilinunua kabla sijaoa, na sasa nina wajukuu. Nikununulie mengine ya nini, ya kuzikiwa?" Ikabaki mipira ya mizigo. Soko huria lilikuwa limeleta malori ya watu binafsi yaliyopeleka ndizi Mbeya na Dar es Salaam, na mikungu ya ndizi bila kufungwa humwagika kwenye kona. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, jina lake Fred, mwenye Fuso mbili, akawa anachukua mipira yote. Nyumba nzima ikala kwa mipira.

Mwezi wa saba, kwenye baridi, Marietha akafa kwa kifua. Kamba ikakosa mtu.

Matanga hayajapoa, akaja Lazaro, mdogo wake Ambilikile, anayekaa chini kidogo ya mlima. Walizungumza mlangoni, na Atupakisye alikuwa jikoni akisikia kila neno.

"Kaka, mji huu umebaki na nani? Mwanao Isakwisa mwaka wa pili huu yuko Chunya, anachimba dhahabu tusiyoiona rangi. Wanasema ana mwanamke huko. Huyu mkewe anakaa hapa kwa nani? Arudi kwao Masoko. Watoto ni wetu, ng'ombe tulitoa. Mwanangu Joel na mke wake wahamie hapa, wakutunze."

"Nikishindwa kujilisha, nitakuita," alijibu Ambilikile.

"Ukishindwa utakuwa huna hata sauti ya kuniita."

"Basi utakuja mwenyewe. Hukosi."

Atupakisye aliuacha ugali motoni ukaungua. Alikuwa na watoto wawili wa kike, Anneth wa miaka minane na Hellen aliyekuwa bado mgongoni. Siku ile alielewa kwamba watoto hao wataendelea kuwa wake kwa kadiri mkwe wake atakavyoweza kukata tairi.

Kesho yake mzee akaja akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, akapaza sauti kama anahutubia mkutano wa kijiji.

"Anneth! Mwambie mama yako, mtu wa kuvuta kamba hayupo."

Anneth alikuwa mlangoni, kati yao. "Mama, babu anasema..."

"Nimesikia. Mwambie babu, mikono ninayo."

"Babu, mama anasema mikono anayo."

"Najua anayo! Mwambie shida si mikono, shida ni macho."

Kuku akapita. Halafu Atupakisye akasema, "Mwambie macho yanazibika."

Mzee akashona viroba vya mbolea, futi sita kwa sita, akavitundika katikati ya kibanda kama pazia. Upande mmoja akakaa yeye na tairi na kisu. Upande wa pili akakaa Atupakisye, Hellen mgongoni. Kamba ilipita chini ya pazia. Maagizo aliyaleta Anneth: kamba ikitikiswa mara mbili, vuta, ikilegea, pumzika.

Walifanya kazi hivyo miezi minane. Hawakusemeshana neno. Lakini kamba ina habari zake. Atupakisye akajua mzee anapoamka na maumivu ya mgongo, akajua anapofurahi, akajua ile mitikiso midogo isiyo na maana ambayo, alikuja kutambua, ilikuwa shukrani. Majirani walicheka. "Kwa Ambilikile kuna kanisa la Kiyahudi," walisema, "lina pazia la patakatifu." Wacheke. Watoto walikula, na Lazaro alikaa kwake.

Mwezi wa nne Fred akaleta tairi la greda, lililotupwa na watu waliotengeneza barabara. Vijana wanne walilishusha.

"Mzee, hili ni ng'ombe dume," alisema Fred. "Likikubali, una mipira ya mwaka mzima."

"Halijazaliwa tairi la kunikataa."

"Sikatai. Nasema tu, kwanza lisalimie."

Siku ya tatu ya kulikata ilikuwa Jumanne, mvua inanyesha tangu alfajiri. Anneth alikuwa shule. Atupakisye alivuta mpaka viganja vikawaka moto, na upande wa pili mzee aliimba puani. Ghafla kamba ikalegea.

Akapumzika. Sheria ndiyo hiyo. Akamshusha Hellen akamnyonyesha. Alisikia kopo la maji limeanguka, akadhani mzee amelipiga teke. Wimbo ulikuwa umekatika, lakini mtu akipumzika haimbi.

"Anneth," mzee aliita.

Atupakisye akatabasamu kidogo. Amesahau, mtoto yuko shule. Hakuweza kumjibu, si jina lake lililoitwa, na sauti yake haikuwa na ruhusa upande ule. Akangoja mzee akumbuke mwenyewe.

"Anneth," tena, chini zaidi. "Anneth, maji."

Ana kiu, akawaza. Anneth akirudi atampelekea. Akamgeuza Hellen titi la pili.

Maji ya lile kopo yalikuwa yakipita chini ya pazia, yakifuata mteremko, yakafika kwenye unyayo wake. Yalikuwa ya vuguvugu. Akatazama chini, yalikuwa mekundu.

Kwa muda wa pumzi mbili hivi hakuinuka. Ndizo pumzi alizokuja kuzijutia kuliko kitu chochote maishani. Aliliona pazia, akamwona mama yake wa Masoko, akamwona Lazaro, akaona vizuri kabisa kitakachofuata akiingia kule. Kisha akamlaza mtoto chini na kulivuta pazia likakatika kamba zake.

Alishangaa kwanza kwamba mzee alikuwa mdogo. Kwa kikohozi kile alimdhania mtu mkubwa. Alikuwa ameegemea tairi, kisu kimeteleza kwenye waya uliojificha ndani ya mpira na kumwingia paja, na damu ilitoka kwa kuruka. Alipomwona mke wa mwanawe, mzee huyo anayekufa aliuinua mkono wake akaufunika uso.

"Nisamehe, baba," alisema Atupakisye. Akaokota mpira wa tyubu, akauzungusha juu ya jeraha, akakaza kwa goti kama wanavyokaza wapakia ndizi, mara tatu, mpaka damu ikanyamaza. Halafu akakimbilia barabarani akipiga yowe.

Gari halikupatikana, mvua ilikuwa imeikata barabara kwenye mteremko. Wanaume walikata mianzi wakafunga machela, wakambeba mpaka Tukuyu kwa miguu, zaidi ya saa nne, matope magotini. Hakuna aliyethubutu kuulegeza ule mpira njiani. Daktari aliufungua mwenyewe. "Bila huu mngeniletea maiti," alisema. Lakini mguu chini ya mpira ulikuwa umekwisha kufa, wakaukata juu ya goti.

Mzee alipotolewa hospitali, Lazaro aliita kikao. Wazee walikaa uani, Ambilikile akawekwa ndani ya nyumba, mlango wazi, asikie. Atupakisye alikaa nyuma ya jiko, pale wanawake wanapokaa.

"Hatusemi umefanya vibaya, mwanangu," alianza Lazaro, kwa upole mwingi. "Tunasema umefanya. Umemwona. Umemshika paja. Mume hayupo. Kuanzia leo mtakaaje katika mji mmoja, wewe na yeye?"

"Ulitaka amwache afe?" aliuliza mzee mmoja.

"Angeita watu."

"Watu gani, wakati wewe ulikuwa kilabuni?"

Wakacheka, Lazaro naye akacheka, maana alijua kicheko hakibadilishi kitu. "Haya, nilikuwa kilabuni. Sasa nimerudi. Huyu kaka yangu hana mguu, nani atamlimia? Nani atamchotea maji na kumpeleka msalani? Mkwe wake? Semeni wenyewe."

Atupakisye akasimama. Mwanamke hasemi katika kikao kama kile mpaka aulizwe, na hakuwa ameulizwa. "Nilimwona," alisema. "Uso niliuona. Ingekuwa leo ningeuona tena."

Wazee wakaugeukia mlango ulio wazi, wakangoja neno la mwenye mji. Lilitosha neno moja, "Abaki," na hata Lazaro asingelipinga mbele za watu. Wakangoja sana. Kutoka ndani hakikuja hata kile kikohozi.

Atupakisye alielewa kwa nini. Kwa mtu kama Ambilikile, kumtaja mke wa mwanawe mbele ya kundi la wanaume, baada ya yaliyotokea, ni kumvua nguo mara ya pili. Alikuwa akimsitiri. Alielewa hivyo, na kuelewa hakukumsaidia kitu. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu aende kwao, na watoto wabaki.

Jumatatu kulikuwa na ukungu mpaka migomba haionekani vichwa. Aliondoka mapema, Hellen akiwa bado amelala, furushi kichwani. Alipofika penye njia nyembamba kati ya migomba, akaona mbele yake magongo mawili ya mianzi, na katikati ya magongo, katambuga moja.

Hakuinua macho. Miaka kumi na mmoja ilimpeleka yenyewe: akaiacha njia, akaingia migombani, akageuza mgongo, akangoja mzee apite. Mzee hakupita. Hakukohoa wala kusogea. Atupakisye akawaza: ananipisha, anataka nitangulie mimi. Akateremka papo hapo katikati ya migomba, akaibukia barabarani chini. Alikuwa na kitu kimoja cha kujifariji: wamenipokonya vyote, lakini nimeondoka kwa heshima.

Hakwenda Masoko. Masoko ni mbali na watoto. Aliishia Ibighi, karibu zaidi, akaomba kona kwenye kibanda cha Yona, mziba pancha, penye rundo la matairi yasiyo na mwenyewe. Akachimbia nguzo, akafunga kamba kwenye nguzo, akaikaza kwa kijiti kila baada ya mpasuo mmoja. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu.

"Mama, hiyo ni kazi ya wanaume," Yona alimwambia.

"Nionyeshe mwanaume anayeifanya, nimpishe."

Yona akacheka, akamwazima jiwe la kunolea.

Wiki ya tatu, Jumamosi, Anneth akaja kwa miguu. Alikula kwanza, akalamba vidole, ndipo akasema, "Mama, kwa nini ulimkataa babu?"

"Nani kamkataa?"

"Babu alikungoja njiani. Alitoka gizagiza, akaanguka mara mbili. Alitaka akuambie ubaki, hata kama babu Lazaro atanuna. Wewe ukapita migombani. Alisimama pale mpaka mvua ikamnyeshea. Aliporudi akasema, basi, mwenyewe ameamua. Ndipo babu Lazaro akamleta baba mdogo Joel na mkewe."

Atupakisye alikiacha kisu ndani ya tairi. Hakujifunga hata kitenge kingine. Waliondoka saa ileile, na njiani mtoto ilibidi akimbie ili aende sambamba naye.

Jikoni kwake palikuwa na moto. Mbele ya moto alisimama Lusungu, mke wa Joel, mwanamke mpole asiye na kosa, na mgongoni kwake Hellen alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Karibu, dada," alisema Lusungu, akafuta kigoda kwa upindo wa kanga. "Karibu ukae. Wageni wetu wa leo tumewapata."

Atupakisye akakaa kwenye kigoda cha wageni, uani, mgongo wake ukielekea ukuta wa nyumba kubwa. Baada ya muda sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta.

"Atupakisye."

Hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa kile.

"Abee, baba."

"Nilikungoja njiani."

"Nilikuona, baba."

"Sikuweza kulisema mbele ya wale. Nikasema nitamwambia mwenyewe, tukiwa wawili."

"Nilikuheshimu, baba. Nilidhani unanipisha."

"Mimi nikadhani umenichoka," alisema mzee. "Nikasema ana haki."

"Sikukuchoka. Sasa je, baba?"

"Sasa nyumba imejaa. Kijana ananibeba kwenda nje, mke wake ananichotea maji. Nikiwafukuza leo, kesho nitajikokota kwa nini? Wewe huwezi kunibeba. Hata ungeweza, nisingekubali." Akakohoa. "Nisamehe, mwanangu."

Lusungu akaleta ndizi za kuchemsha kwenye sahani ya bati. Atupakisye alikula mbili, maana kukataa chakula cha mwenye nyumba ni tusi, na yule dada hakuwa amemkosea. Akaosha mikono. Akamtazama Hellen alivyolala juu ya mgongo ule, akanyoosha mkono, akaurudisha bila kumgusa.

"Ndaga," alimshukuru Lusungu. "Tumeshiba."

Anneth alimsindikiza mpaka kwenye kalavati la barabarani.

"Utakuja tena, mama?"

"Njoo wewe, Jumamosi. Mimi nikija hapa wataniwekea kigoda."

Mtoto hakuondoka. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, moja moja, kubwa. Atupakisye akamwondolea jani la mgomba lililonata begani.

"Rudi sasa," alisema, "kabla mdogo wako hajaamka."